Spika za betri kwa wapiga taarab na kidumbak: nilizozipigia na ninayokushauri

Watu wananiuliza sana, hasa wanaotuona tukipiga mahotelini, ile spika yenu ndogo ile ndo nini na mnaipata wapi, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja kwenye WhatsApp nimeona bora niandike mara moja kila mtu asome. Mimi napiga udi. Kundi letu dogo tu, udi, kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi zilizotandazwa kwenye ubao), fidla, dumbaki na bibie mmoja anayeimba, na tukiitwa harusini tunaongeza watu wa kidumbak, ule muziki wa vingoma viwili vidogo, na sanduku lao la besi. Kazi zetu ni hotelini wakati wa chakula cha usiku huko Nungwi, Kiwengwa na Paje, harusi za mitaani Ng'ambo na za shamba, halafu Pemba mara moja moja hasa siku za Idi. Wale wenzetu wa rusha roho wenye vinanda na maspika marefu wana gari yao na mafundi wao, haya hayawahusu, wala tamasha kubwa kama Sauti za Busara silizungumzii, pale unakuta kila kitu kishafungwa wewe unachomeka tu. Nazungumzia spika unayoishika mkono mmoja na mkono wa pili umeshika ala yako, unapanda nayo daladala, unafika, unapiga.

Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma: kundi la watu watatu mpaka watano wa hotelini chukueni Bose S1 Pro au JBL EON One Compact, na kama mna ala mnayotaka kuiwekea maiki ya kondensa, ile inayohitaji umeme wake, basi hiyo JBL, sababu nitaieleza mbele. Kidumbak cha barazani, Roland CUBE Street EX. Harusi ya watu wengi uwanja wa wazi hakuna katika hizi inayotosha peke yake, asikudanganye mtu.

Kwanza kwa nini nang'ang'ania betri. Hoteli umeme wanao, tatizo ni kwamba pale wanapotaka mkae hapana plagi. Meneja anakwambia leo mtapiga pale chini ya mkungu karibu na maji wageni waone jua likizama, sawa bosi, plagi iko wapi, plagi iko jikoni. Sasa utandaze ekstensheni mchangani mpaka jikoni, wageni wanapita na glasi zao, watoto wanakimbia peku, mwisho wake mtu anajikwaa na nyie ndo mnaolaumiwa. Harusini nako umeme wa nyumba moja umebebeshwa taa za turubai, friji la soda, feni za wazee, na MC naye kachomeka vyake, Tukuza (umeme wa kulipia kwanza) ikikata katikati ya wimbo mnakaa mnatazamana mpaka mtu apatikane wa kwenda kununua. Na visiwa vyetu tunavijua, aliyekuwa mtu mzima 2008 anakumbuka Unguja ilivyokaa giza mwezi mzima, ikarudia tena Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu watu na majenereta, maana wakati ule tulikuwa tunategemea waya mmoja tu unaopita chini ya bahari. Sasa hivi hali si ile, lakini kazi yangu mimi siitundiki tena kwenye plagi ya mtu. Jenereta nalo sitaki hata kulisikia, yaani unapiga taksimu, ile ya ala peke yake, taratibu watu wametulia, nyuma yako du-du-du-du-du.

Halafu hizi wati. Ingia duka lolote Darajani au Mlandege ukasema unataka spika, muuzaji anaanza na wati, hii kaka wati 3000, hii 5000 hii kiboko. Zile namba zilizobandikwa kwenye stika nyingi ni zile za kilele, zile wanazoita PMPO, yaani spika ikishtuliwa kwa nukta moja ndogo mno, na wengine wanaandika tu namba iwe kubwa. Namba ya kuuliza ni RMS, hiyo ndo spika inayoweza kuibeba mfululizo kazi nzima. Na hata hiyo RMS ukiiongeza mara mbili unapata desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linaona kuna kitu kimebadilika basi, ila kusema sauti imekuwa kubwa maradufu unataka desibeli 10 hivi na hizo zinakula wati mara kumi. Kwa hiyo mtu mwenye wati 150 za kweli na mtu mwenye wati 300 za kweli hawajaachana kama unavyodhani. Kitu kinachoua sauti kwetu ni uwazi, nje pasipo ukuta kila umbali ukizidi mara mbili sauti inashuka desibeli 6, anayekaa meta nne anasikia vizuri, wa meta nane anasikia pungufu, wa meta kumi na sita anasikia upepo. Ndo mana spika mbili ndogo, moja mbele na moja katikati ya watu, zinashinda dude moja kubwa lililokaa kwenye kona likiwatoa watu wa mbele masikio na wa nyuma hawasikii maneno. Na taarab bila maneno kusikika umefanya nini, wale mama wanakuja kutunza kwa sababu wamesikia kijembe.

Haya tuje kwenye Bose S1 Pro ambayo ndiyo naijua kuliko zote kwa sababu ndiyo tunayofanyia kazi. Ilitoka 2018, kule Marekani walianza kuiuza dola 599, ukiongeza usafiri na ushuru mpaka ikufikie hapa basi jipange. Uzito kilo 7 na kidogo, mshikio uko juu, dada yetu mwimbaji anaibeba mwenyewe bila kumuita mtu. Ndani ina besi ya inchi 6 na vispika vidogo vitatu vya sauti za juu. Kampuni wanasema betri inakwenda mpaka masaa 11, hayo ni ukipiga sauti ya wastani, ukiikaza inapungua kama betri yoyote, ila kwa kazi ya chakula cha usiku tunapiga, tunapumzika, tunapiga tena, tunarudi mjini na chaji bado imo. Ina akili moja nzuri, ukiilaza kwa pembeni chini kama monita (spika ya mpigaji kujisikia mwenyewe) au ukiisimamisha au ukiipandisha kwenye stendi inajua imekaaje na inajirekebisha sauti yenyewe. Nilidhani ni maneno ya kuuzia biashara lakini ukiipandisha kutoka sakafuni kwenda kwenye stendi kweli ile besi ya kuvimba haiji kukuharibia.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba kila chaneli ina vinobu vyake palepale nyuma, sauti, tribo, besi, eko, unatia mkono gizani unajua umeshika nini. Kuna kiswichi cha kuchagua maiki au gitaa, udi nauweka kwenye gitaa na unakaa vizuri, chembamba kidogo lakini vizuri. Adhana ya Isha ikitoka tunazima kitufe kimoja, tunanyamaza, ikimalizika tunawasha tunaendelea, hakuna mambo ya zima miksa kwanza halafu amplifaya halafu subiri ipumue.

Mapungufu yake. Chaneli za maiki ni mbili tu. Ya tatu ni ya simu, bluetooth au waya mdogo. Sasa kundi la watu watano na matundu mawili mnafanyaje, sisi mwimbaji anachukua moja peke yake, hiyo haiguswi, ya pili tunachomeka miksa ndogo ambayo inakula pawabenki, udi na kanuni zinaingia humo. Fidla na dumbaki hatuziwekei kitu, fidla ya mtu anayejua kupiga inajitosheleza mezani kwa wageni arubaini hamsini, na dumbaki ukiiwekea maiki kwenye spika ya inchi 6 utaisikia inagonga gonga kama boksi tupu bila ile dum yake. Jambo la pili haitoi umeme wa fantomu, ule wa volti 48 unaotakiwa na maiki za kondensa, kwa hiyo kama una ile maiki nzuri ya kunasa kanuni lazima iwe na betri yake au upitie kwenye miksa inayotoa. La tatu si spika ya maji, mvua ya vuli ikianza unaikimbiza wewe kabla ya ala yako.

2023 walitoa S1 Pro+ yenyewe nyepesi kidogo, chaneli tatu badala ya mbili na kivutio chake ni vile vidude visivyo na waya vya maiki na gitaa vinavyochajiwa humohumo ndani ya spika. Vinauzwa mbali, usije ukafungua boksi ukavitafuta. Kwa mwimbaji anayependa kutembea mpaka mezani kwa watu ni raha, kwa mpiga udi uliyekaa kwenye kiti usiku kucha sioni unakimbilia wapi na wireless, waya wako unatosha.

JBL EON One Compact. Hii anayo ndugu yetu mmoja anapiga gitaa na kuimba peke yake huko Jambiani na mara nyingi tunaungana naye, ndo nikaifahamu. Ilitoka 2020, ina besi ya inchi 8, wati 150, kilo 8, betri masaa 12 kwa maelezo yao. Besi yake ni pana kuliko ya S1, dumbaki ikiingia humu unaisikia tumbo lake. Ila kilichonifanya niiheshimu ni viwili. Kwanza ina fantomu kwenye chaneli ya kwanza. Kwa mtu wa kanuni hii ni habari kubwa kwa sababu kanuni ina nyuzi 70 na kitu zimetapakaa kwenye ubao mpana, ukibandika pikapu (kinasa sauti cha kubandika kwenye ala) sehemu moja unasikia nyuzi za pale tu zinapiga kelele na nyingine ziko mbali, bora maiki ya kondensa ndogo ikae juu yake kama shubiri mbili inanasa chombo kizima. Pili, betri yake inatoka. Unanunua ya pili unaweka akiba mkobani, ya kwanza ikiisha unabadilisha kazi inaendelea. Kwa anayekwenda Pemba, shamba huko mbali na Chake au Wete, unapiga mchana kwenye maulidi, usiku harusini, hiyo betri ya akiba si anasa.

Kasoro yake kwangu ni kwamba imepewa akili nyingi. Kuna programu ya simu ya kurekebisha kila kitu, ekualaiza, eko, nini na nini, sawa ni nzuri, jamaa anakaa nyuma kabisa ya ukumbi na simu yake anasikiliza anarekebisha, hilo na mimi nalitamani. Lakini kwenye spika yenyewe kuna kinobu kimoja na vitufe vya kuchagua chaneli, maiki ikianza kupiga mluzi unahitaji kuchagua kwanza halafu uzungushe, na katika nukta hizo mbili tatu wageni wote wameshageuka kukuangalia. Kwa anayepiga peke yake na kuimba si shida, kwa kundi ambalo hakuna mtu wa kukaa na spika mimi nataka kinobu kwa kila mmoja.

Roland CUBE Street EX watu wanaidharau wakisikia wati 50. Waache wadharau. Spika mbili za inchi 8 na vitwita viwili (vispika vya sauti za juu), chaneli nne, chaneli mbili za maiki na ala na bado unabaki na sehemu ya kinanda au simu, na kubwa kuliko yote inakula betri za AA nane. Ndio, zile zile za rimoti na saa ya ukutani. Sasa fikiria uko Makunduchi au Micheweni chaji imekatika, mwenye lithiamu anatafuta umeme na chaja, wewe unatuma mtoto dukani. Betri za AA za kuchaji zikiwa nzuri kampuni inatoa mpaka masaa 20 kwenye ile hali ya kubana matumizi, ukiifungulia yote ni masaa 5 hivi, na zile za bei ya chini kabisa za dukani zinakufa mapema kuliko hapo, basi nunua mbili mbili za ziada. Inakaa mshazari chini haihitaji stendi. Kwa kidumbak hii ndo yenyewe, maana kidumbak sauti wanayo tayari, lile sanduku na uzi wake na mti wake halina haja ya spika, vidumbak viwili ndo kabisa, cherewa (manyanga) na mkwasa (vijiti) vinatoboa ukuta, unachohitaji ni kuinua mwimbaji na fidla juu ya vile vyombo basi. Hapo wati 50 zinatosha na zinabaki. Hotelini kwenye mwanga wa mishumaa inaonekana kama amplifaya ya gitaa lakini nani anaangalia.

Kuna za umeme ambazo nazo nimezipigia. Yamaha STAGEPAS za zamani, 400i na 600i, zinakuja spika mbili na miksa inajificha nyuma ya spika mojawapo, unaichomoa unaiweka mezani. 400i ina chaneli 8, 600i ina 10. Taarab ya watu saba nane na ukumbi wa ndani wenye plagi, hiki ndo chombo, kila mtu anapata tundu lake na ugomvi unakwisha. Lakini 600i yote kwa jumla ni kilo 25 na ushei na waya za spika juu yake, hapo utakodi gari. Zilizokuja baada yake zina BT mwisho wa jina kwa ajili ya bluetooth, sura ileile. Siku hizi kuna STAGEPAS 200BTR ya betri, boksi moja kilo 12, hiyo nimeigusa tu sijaipigia kazi kwa hiyo siitolei hukumu.

Na zile nguzo nyembamba, Bose L1. Wazo lao tokea 2003 lilikuwa spika isimame nyuma ya mpigaji, mpigaji na watu wote wasikie kitu kilekile, hakuna monita hakuna spika za pembeni. Nguzo kwa sababu ya urefu wake haipotezi sauti haraka ukisogea mbali, kwa umbali fulani inashuka desibeli 3 badala ya zile 6 nilizosema juu, na ndo mana ukipita mbele yake haikupigi uso na ukikaa nyuma bado unasikia maneno. Kwa ukumbi mrefu mwembamba kama zile dari za nyumba za Mji Mkongwe sijasikia kitu kitamu kama hicho kwenye sauti ya mwanamke na kanuni, wallahi. Ila inataka umeme, na upepo wa kusi ufukweni ukiivamia ile nguzo lazima mtu akae karibu.

Sasa maboksi ya pati. JBL PartyBox 110 watu wanayo majumbani, ina taa zinawaka waka, masaa 12 ya betri, wati 160, inastahimili kurushiwa maji, na ina tundu la maiki na tundu la gitaa. Vijana wananiuliza kwa nini usichukue hiyo bei afadhali. Kwa karaoke na kucheza nyimbo za simu ni nzuri sana sina neno. Ila matundu yake ni ya jeki kubwa si yale ya pini tatu ya maiki, na sauti yake imetengenezwa kwa ajili ya muziki uliokwisha kurekodiwa, besi juu, tribo juu, katikati pamelala. Udi unaishi katikati hapohapo. Fidla pia, sauti ya mtu pia. Ukiuchomeka udi mle unasikia mtikisiko na mkwaruzo wa risha (kile cha kupigia nyuzi), noti yenyewe unaitafuta.

Zile za magurudumu zisizo na jina la maana, zenye rimoti na maiki mbili za plastiki za bure, hizo ndo zimejaa madukani na ndo zinazowaumiza watu. Mwenzetu mmoja wa dufu alinunua moja dukani mjini, akaambiwa masaa nane, ikawa baada ya muda mfupi hata maulidi moja haimalizi. Akairudisha, muuzaji akamwambia waranti ni ya kuwaka tu, na hii inawaka. Nyingi ya hizo ndani mna betri ya asidi kama ya pikipiki, si lithiamu, ukiiacha ikae imekwisha chaji wiki kadhaa imeshakufa. Ukiipokea inyanyue tu, ikiwa nzito kupita umbo lake ujue.

Nije kwenye miluzi kwa sababu hilo ndo watu wanalalamikia spika wakati kosa si la spika. Maiki inasikia spika, inairudishia, spika inatoa tena, ndo unasikia huo mluzi wa kuchoma. Spika ikae mbele ya mstari wa maiki, si nyuma yake, na maiki iwe ya kunasa upande mmoja, mfano ile Shure SM58 ya tokea 1966 ambayo kila mtu anaijua, hiyo mgongo wake ndo hausikii kitu, kwa hiyo mgongo wa maiki ndo uelekee kwenye spika. Waimbaji wetu wana tabia ya kukishika kile kichwa cha waya kwa viganja viwili wakipandwa na mzuka, ukikifunika hivyo ile maiki inaanza kusikia pande zote na mluzi unakuja. Mwambieni kwa heshima, bibie shika chini kidogo. Na S1 mkiiweka nyuma yenu kama ile nguzo inawezekana kwa sauti ya hotelini lakini harusini mkiikaza haikubali.

Udi wenyewe ni tumbo kubwa tupu la mbao nyembamba, ukikaa karibu na spika unaanza kuvuma wenyewe noti za chini kabla hujapiga. Mimi nina pikapu ya kubandika ndani, ukiichomeka moja kwa moja ni sauti kavu ya plastiki, kwa hiyo tribo naipunguza mpaka karibu nusu, besi naigusa tu, na spika iwe upande wa kulia kwangu si usoni kwa udi. Wengine wanaziba yale matundu ya usoni kwa sponji. Inapunguza mvumo kweli, na inapunguza udi pia, mimi sipendi.

Chumvi. Hakuna anayeandika haya kwenye maelezo ya hizi spika kwa sababu wanaozitengeneza hawakai Paje. Ule ungaunga wa bahari unaingia kwenye matundu, mwaka mmoja tu unachomeka waya unasikia krrr krrr. Ukirudi kazini futa kwa kitambaa kikavu, si kibichi, matundu yazibe, spika ikae ndani ya mfuko wake na usiilaze mchangani hata kwa dakika moja, tandika hata kanga. Betri za lithiamu hazipendi joto, usiiache kwenye buti ya gari juani Mwanakwerekwe wewe uko sokoni, na kama msimu wa mvua kubwa hamna kazi iwekeni na chaji ya nusu hivi, si imejaa wala si imeisha.

Kununua sasa. Hizi za majina hapa Unguja hazikai madukani sana, wengi wanaagiza Dar au Dubai au wanamtegemea ndugu anayerudi. Ikija kutoka Marekani au Japani geuza nyuma uangalie imeandikwa 100 mpaka 240, ikiwa imeandikwa 120 au 100 peke yake ukiichomeka hapa kwenye 230 ndo umeiaga. Feki zipo, hasa za JBL, sura moja kabisa, ila boksi jepesi na programu ya simu haiioni. Ukinunua iliyotumika usikubali kuionyeshwa imechomekwa kwenye umeme, mwambie achomoe, weka wimbo, kaeni mnywe chai, iacheni icheze. Ikiwa nzima utaibeba, ikiwa betri imechoka itakugharimu karibu robo ya bei ya spika kuipata nyingine, kama inapatikana.

Kwa Pemba kama mnakwenda na ndege ndogo mzigo wanaubana sana, udi na spika havitoshi pamoja utachagua kimoja, na betri za lithiamu zilizozidi saa za wati 100 mashirika ya ndege yanataka ruhusa yao kwanza, zaidi ya 160 hazipandi kabisa na abiria. Boti haina mambo hayo, ila msiiache kule kwenye rundo la mizigo, kaeni nayo miguuni. Na chaja iandikeni jina kwa maka peni, chaja za hizi spika harusini zina miguu.